Hadithi za Picha: Jinsi Mapenzi Yapoavyo na Jinsi Yarudivyo

Huenda wasomaji wengine wakastaajabu kuona mwalimu anashika kalamu ili aandike habari za hadithi za picha, zile ambazo watoto huziita katuni, na wengine vibonzo. Watasema, "Je, mwalimu huyu amekosa habari za mashujaa na wafalme?" Nami sikatai kwamba ziko habari kubwa kuliko hizi. Walakini historia si habari za vita na serikali peke yake. Hata kitu kidogo kilichokaa mikononi mwa watu kwa miaka mingi kina historia yake, na humo twaweza kujiona sisi wenyewe. Tena mimi nina deni. Nilitenda jambo juu ya hadithi hizo ambalo nalijutia, nami nitalieleza mahali pake.

Jambo nitakalo kulitazama ni hili. Hadithi ya picha iendeleayo mwaka hata mwaka, yenye watu wale wale na vituko vyao, hupendwa mno. Kisha mapenzi hupoa. Na mara nyingine hurudi. Kwa nini hupoa? Na yakirudi, hurudi kwa njia gani?

Yafaa tuanze mbali kidogo, maana picha zilitangulia magazeti. Karibu na mwaka 599, katika mji wa Marseille huko Ufaransa, palikuwa na askofu jina lake Serenus. Aliona Wakristo wake wanazisujudia picha zilizokuwa ndani ya makanisa, akaghadhibika, akazivunja. Habari zikafika Roma kwa Mtakatifu Gregori Mkuu, yule yule aliyemtuma Agustino na wenzake waende Uingereza, nao wakafika huko mwaka 597. Gregori alimwandikia Serenus mara mbili. Alimsifu kwa kuwa hakutaka watu waabudu kazi ya mikono ya wanadamu, lakini akamkemea kwa kuzivunja, akamweleza kwamba picha humfaa asiyejua kusoma kama vile maandiko yamfaavyo asomaye. Tena alimwonya kwamba kwa kitendo kile watu wake wengi wamejitenga naye, basi yampasa awaite tena na kuwafundisha kwa upole. Nawasihi wasomaji waikumbuke habari ya Serenus, kwa kuwa nitairudia.

Neno la Gregori twaliona kwa macho yetu katika makanisa mengi. Njia ya Msalaba ni picha 14 zilizopangwa ukutani kwa taratibu yake. Mtu aanzaye na ya kwanza, akaenda polepole hata ya mwisho, ameisoma habari nzima ya mateso ya Bwana wetu, ajapokuwa hajui hata herufi moja. Bibi zetu wengi waliisoma hivyo. Basi hadithi ya picha si jambo geni kwetu, wala si mchezo uliozuka jana.

Lakini ni nani aliyeanza kuchapa vitabu vya hadithi za kuchekesha kwa picha zinazofuatana, pamoja na maneno machache chini yake? Wataalamu wengi humtaja mwalimu wa shule, naye ni Rodolphe Töpffer wa Geneva, katika nchi ya Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1799 na kufariki mwaka 1846. Alikuwa na shule ya bweni, na jioni alichora vituko vya watu wa kubuni ili awafurahishe wanafunzi wake. Mwanzoni aliona haya kuvitoa nje, maana alichelea kudharauliwa. Michoro yake ikafika mbele ya Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, naye akaisifu. Katika miaka ya 1830 Töpffer akaanza kuitoa kwa chapa. Mimi nilipoisoma habari hii nilitabasamu. Kazi ambayo walimu wengi huikemea darasani ilianzishwa na mwalimu, kwa ajili ya darasa lake.

Sasa turudi kwetu. Pwani hii ya Ziwa Nyasa ilipata kusoma kwa njia ya mashua na meli. Arkidiakoni William Percival Johnson alifanya kazi ziwani miaka zaidi ya 40, akaitafsiri Biblia katika Kinyanja, akafariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli. Wazee wetu walijifunza herufi katika shule za misheni, na vitabu vyao vilikuwa vichache. Lakini hadithi hawakuzikosa kamwe, kwa sababu usiku, kando ya moto, alikuwako Kalulu. Kila mtoto wa ziwa hili amjua Kalulu, yaani sungura mdogo awashindaye fisi na simba kwa akili. Hadithi zake hazina mwisho. Leo amenaswa, kesho yuko huru, na hapana mtoto aulizaye, "Mbona jana alikuwa taabani?" Kalulu ndiye aliyetufundisha sisi namna ya kupenda hadithi ndefu yenye mtu yule yule.

Kwa hiyo si ajabu kwamba moja ya hadithi za picha za Kiswahili zilizodumu kuliko nyingine ilichukua jina lake. Huko Kenya, katika miaka ya 1950, mchoraji Edward Gitau alianza kuchora Juha Kalulu, akaendelea nayo zaidi ya nusu karne, na wasomaji wa gazeti la Taifa Leo wakaizoea kama wazoeavyo chai ya asubuhi. Tazameni jina lenyewe. Juha ni mpumbavu, na kalulu kwetu ni mwerevu. Mtu mmoja amepewa yote mawili. Nadhani hiyo ni sababu moja ya kudumu kwake, kwa kuwa kila msomaji ajua kwamba yeye naye ni juha siku moja na kalulu siku ya pili.

Katika Tanzania, gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga wake Christian Gregory. Katika miaka ya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, watu wengi walilifungua gazeti lile, wakamtafuta Chakubanga kwanza, ndipo wakasoma hotuba. Baadaye, kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, likatokea gazeti la Sani. Waanzilishi wake walikuwa Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo, na jina lake lilifanywa kwa silabi za kwanza za majina yao mawili. Humo ndimo walimokaa Ndumilakuwili, na Lodilofa, na Kipepe, na Madenge yule mtoto mtundu. Mchoraji aliyewapa watu hao sura na mwendo ni Philip Ndunguru. Jina la ukoo la Ndunguru sisi wa Mbinga na Songea hatuna haja ya kuelezwa. Twaliita kila siku katika orodha za shule na katika vitabu vya ubatizo.

Nami niliwapenda watu wale wa Sani tangu utoto wangu. Mjomba wangu alikuwa akichukua usipa mkavu kwenda kuuza Mbinga na Songea, na aliporudi alileta chumvi, sabuni, na magazeti ya zamani. Mara moja moja alileta Sani nzima, na mara nyingi kurasa mbili tatu tu, zilizofungia bidhaa. Hazikufika kwa taratibu. Mwezi huu twasoma kwamba Ndumilakuwili amekamatwa, na mwezi ujao twaletewa toleo la miaka miwili nyuma, naye anatembea mjini bila wasiwasi. Ukurasa ukiwa umechanika mahali pa mwisho, sisi watoto tulikaa chini ya mwembe tukabuni mwisho wake, kila mtu kwa shauri lake, hata tukagombana. Naweza kusema kweli kwamba kitabu cha shule kilinifundisha herufi, lakini Madenge ndiye aliyenifundisha kutaka kusoma.

Baadaye mapenzi yale yakapoa. Nikiyatazama sasa, naona sababu tatu, na nadhani wasomaji watazitambua, maana si zangu peke yangu.

Sababu ya kwanza ni umri. Mtoto akiisha kupanda madarasa huanza kuona haya kwa vitu vya utoto. Nilipokuwa sekondari nilificha magazeti yale chini ya godoro. Si kwa kuwa yalikatazwa, bali kwa kuwa sikutaka wenzangu wanione. Kitu unachokionea haya huwezi kuendelea kukipenda kwa muda mrefu.

Sababu ya pili ni magazeti yenyewe. Palitokea magazeti mengi ya picha, na mengine yalijaa uchawi, na damu, na mambo ya aibu, ili yauzike upesi. Mtu aliyekuta hayo mara moja alizihukumu hadithi zote za picha kwa pamoja, kama mtu aliyekula samaki mmoja aliyeoza akaapa kwamba hatakula samaki tena. Nami nilikuwa mmoja wao.

Sababu ya tatu ndiyo iliyoniuma zaidi. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilisoma kwamba Philip Ndunguru alifariki mwaka 1986, akiwa bado kijana. Mwaka ule mimi nilikuwa sijazaliwa! Siku zote nilidhani kwamba mtu aliyenichekesha yuko mahali fulani Dar es Salaam, ameinama juu ya meza yake, anachora. Nikazitoa kurasa zangu za zamani, nikazitazama kwa makini, nikaona ambayo sikuyaona nilipokuwa mtoto: mistari haikuwa ya mkono mmoja. Alipokufa yeye, wachoraji wengine walishika kalamu wakaendelea. Nilijiona kama mtu apokeaye barua za ndugu yake aliye safarini, kumbe ndugu alikwisha kufa, na barua zaandikwa na jirani mwema. Nikazifunga kurasa zile ndani ya sanduku, nisizifungue tena.

Hapo ndipo swali la historia linapoingia. Mtu aliyeianza hadithi akifa, je, ni haki mwingine kuiendeleza? Na msomaji afanyeje? Swali hili limeulizwa katika nchi nyingi, na majibu yake hayafanani.

Huko Ubelgiji, mwezi Januari mwaka 1929, gazeti moja la Wakatoliki lilianza kutoa hadithi ya Tintin katika kurasa zake za watoto. Mchoraji wake alijiita Hergé, lakini jina lake la kuzaliwa ni Georges Remi. Aliichora maisha yake yote, naye alitaka kwamba baada yake mtu mwingine asichore vituko vipya vya Tintin. Alifariki mwaka 1983, na watu wake waliyashika mapenzi yake. Basi hadithi ile imefungwa kama kaburi, nayo yasomwa hata leo. Walakini hata yeye hakukosa wasomaji waliopoa. Kitabu chake juu ya safari ya Kongo, kilichotoka mwaka 1931, kilituonyesha sisi Waafrika kwa sura za dhihaka na maneno ya upuuzi, na Mwafrika akisomaye huona uchungu. Hergé alikichora upya mwaka 1946, akabadili mambo kadha wa kadha, lakini picha zile za dhihaka hazikuondoka.

Ufaransa walijibu kwa njia nyingine. Mwaka 1959 René Goscinny na Albert Uderzo walianza hadithi ya Asterix, mtu mfupi wa kijiji kidogo kisichokubali kutawaliwa na Warumi. Goscinny alitunga maneno na Uderzo alichora. Mwaka 1977 Goscinny akafa ghafula. Wasomaji wengi walisema kwamba hadithi imekwisha. Uderzo hakukubali, alichukua kazi zote mbili, ya kutunga na ya kuchora. Wako waliosema kwamba maneno yake hayana chumvi ile ya kwanza, wakaiacha. Hatimaye Uderzo akazeeka, akawapa kazi vijana wawili, Jean-Yves Ferri na Didier Conrad, na kitabu chao cha kwanza kikatoka mwaka 2013, naye Uderzo akiwa hai. Alifariki mwaka 2020. Wasomaji wengi walioiacha kwa miaka mingi waliirudia, wakawapa watoto wao, wengine wajukuu.

Habari ya tatu yatoka Uingereza, nayo yatuhusu sisi watu wa kanisa zaidi, kwa kuwa mwanzilishi wake alikuwa kasisi wa Kianglikana. Jina lake Marcus Morris, na mtaa wake ulikuwa Birkdale, karibu na Southport. Alikuwa na gazeti la mtaa, kama haya yetu, akaligeuza kuwa gazeti kubwa, akaingia katika madeni. Hakukata tamaa. Aliona watoto wananunua magazeti ya picha kutoka Marekani yaliyojaa vitisho, akasema moyoni mwake kwamba kukemea hakutoshi. Apasaye kukemea apasa pia kutoa kilicho bora. Akamwita mchoraji Frank Hampson, na tarehe 14 Aprili 1950 wakatoa gazeti la Eagle, maana yake Tai. Ukurasa wake wa kwanza ulikuwa na Dan Dare, rubani wa anga za mbali, na ukurasa wake wa mwisho ulitoa maisha ya Mtume Paulo kwa picha. Nakala za toleo la kwanza zilikaribia milioni moja.

Kazi ile ilistawi miaka kadhaa. Mwaka 1959 Morris aliondoka, na Hampson naye akaacha kumchora Dan Dare. Wenye mali wapya walitaka gharama ipungue. Gazeti likadhoofika, wasomaji wakapungua, na mwaka 1969 likafungwa. Walakini wale waliokuwa watoto mwaka 1950 walikua, wakazitafuta tena kurasa za zamani, wakaona kwamba hawakudanganyika utotoni: kazi ilikuwa njema kweli. Mwaka 1975, huko Lucca katika Italia, wachoraji wa nchi nyingi walimpa Hampson heshima ya bingwa, miaka kumi na sita baada ya kuiacha kazi ile. Na mwaka 1982 Eagle ikatolewa tena kwa jina lile lile, ikaendelea hata mwaka 1994.

Nikizipima habari hizi tatu pamoja na ile ya Ndunguru, naona kwamba kifo cha mtungaji si lazima kiwe mwisho wa hadithi, wala kuendelezwa kwake si udanganyifu. Sisi wana wa Kalulu twapaswa kulijua hilo kuliko watu wote. Nani aliyemtunga Kalulu? Hapana amjuaye. Bibi alimpokea kwa bibi yake, akaongeza neno, akapunguza neno, na hapana mtoto aliyelia kwamba msimulizi wa kwanza amekufa. Lakini mimi, kwa kuwa nilisoma kidogo, nilisahau nilichokijua nilipokuwa sijasoma.

Sasa nilipe deni langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nafundisha Darasa la Nne. Palikuwa na mvulana mmoja mzito wa kusoma. Kila nilipomsimamisha, maneno yalimkwama kooni, na wenzake wakacheka. Siku moja, katika saa ya imla, nilimkuta ameinamisha kichwa chini ya dawati. Nikamwendea taratibu, nikakuta ana kurasa za katuni zilizokunjwa mara nne, zenye madoa ya mafuta ya vitumbua. Nikaghadhibika. Nilizichukua mbele ya darasa zima, nikatoka nazo hadi jiko la uji, nikazitia motoni. Niliporudi nilisema maneno makali juu ya upuuzi, nami nilijiona nimefanya kazi ya mwalimu mwema.

Tangu siku ile mvulana yule hakusoma tena mbele yangu. Nikimwita jina alisimama, akatazama sakafu, akanyamaza. Sikumpiga, wala yeye hakunitukana. Alijitenga nami tu, kama watu wa Marseille walivyojitenga na Serenus. Nami wakati ule nilikuwa sijaisoma habari ya Serenus.

Jioni moja nilikuwa natembea ufukoni, mahali watu wanapoanika nyavu. Nikasikia kicheko cha watoto nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa. Nikasogea, nikasikia sauti moja inasoma. Ilikwenda polepole, ikisita, ikirudia neno, lakini ilikuwa ikisoma kweli kweli, wala hapana aliyemcheka msomaji. Walicheka kwa hadithi. Alikuwa ni yule mvulana, amewakusanya wadogo zake na watoto wa jirani, kidole chake juu ya karatasi. Alikuwa amebakiza ukurasa mmoja ambao sikuuona siku ile. Ulikuwa wa Madenge. Na alipofika mahali palipochanika hakusimama, bali aliendelea kwa maneno yake mwenyewe, akabuni mwisho, kama tulivyofanya sisi chini ya mwembe.

Aliponiona aliinuka upesi, akauficha ukurasa ndani ya shati.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ulikuwa ukisoma nini?"

Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Mwalimu, utaichoma?"

Wasomaji wapenzi, nimekaripiwa na wakubwa wangu mara kadhaa katika kazi hii, lakini hapana neno lililonichoma kama lile la mtoto. Nikamwambia, "Sitaichoma. Nisomee na mimi." Nikaketi juu ya mchanga pamoja na wadogo zake. Akaanza tena tangu juu. Mwanzo sauti yake ilitetemeka, kisha akasahau kwamba mimi ni mwalimu wake. Nikacheka. Sikucheka ili kumpendeza. Nilicheka kwa sababu Madenge alichekesha, kama alivyonichekesha nilipokuwa na umri wa mtoto yule. Hata sikukumbuka kuuliza ukurasa ule ulichorwa na mkono gani.

Usiku ule nilifungua sanduku langu. Kurasa zilikuwa zimeliwa na mende pembeni, lakini nyingi zilisomeka. Nilisoma hata taa ikafifia. Nikaona mambo ambayo utotoni sikuyaona. Niliona jinsi mchoraji awezavyo kuonyesha mtu mwongo kwa namna ya kusimama kwake tu, kabla hajasema neno. Niliona jinsi jina la Ndumilakuwili, yaani nyoka adhaniwaye kuuma kwa ncha mbili, lilivyokuwa mahubiri kamili juu ya mtu anenaye huku na huku. Basi mapenzi yalirudi, lakini hayakurudi yale yale. Ya kwanza yalikuwa ya mtoto apokeaye, na haya ya pili ni ya mtu aonaye jinsi kazi ilivyofanywa, tena aliye na mtu wa kumpa.

Naamini hiyo ndiyo njia ambayo mapenzi ya namna hii hurudi kwa kawaida. Mtu mzima akiketi peke yake, akaifungua hadithi ya zamani ili apate furaha ile ile ya miaka kumi, mara nyingi hukosa, naye huilaumu hadithi. Lakini akiisoma pamoja na mtoto, au akisomewa na mtoto, huiona mpya. Wazazi walioirudia Asterix pamoja na watoto wao nadhani walilijua jambo hili.

Kesho yake nilimwita yule mvulana, nikamwomba radhi mbele ya darasa lile lile, maana kosa lilitendwa mbele ya wote. Tangu hapo tuna desturi katika darasa letu. Kila Ijumaa, saa ya mwisho, kila mtoto agawa ukurasa wa daftari katika miraba minne, achora kisa kimoja cha Kalulu, na chini ya kila mraba aandika sentensi moja. Kisha wabadilishana, na mwenzake aendeleza kisa pale kilipoachwa. Hivyo wajifunza kwamba hadithi yaweza kupita mkononi mwa mwingine isife. Yule mvulana hakuwa wa kwanza katika darasa, wala sitaki kuwadanganya wasomaji kwamba alikuwa. Lakini alianza kusoma mbele yangu tena, na alipokwama hakutazama sakafu, alinitazama mimi.

Kwa wazazi nina maneno machache. Mtoto wako akikutwa na gazeti la picha, au siku hizi akitazama katuni katika simu, usikimbilie moto wala fimbo. Lichukue, ulisome wewe kwanza. Likiwa lina machafu, mwondolee, umweleze sababu; Mtume Paulo alituagiza tuyapime mambo yote na kulishika lililo jema, wala hakutuagiza kuyachoma yote bila kuyapima. Likiwa jema, kaa naye, umwambie akusomee. Na ukiwa nawe ulikuwa na hadithi uliyoipenda zamani ukaiacha, itafute, hata kama ni ukurasa mmoja uliochanika. Pale palipochanika, mwachie mtoto amalizie.

Philip Ndunguru amelala tangu mwaka 1986. Ukurasa wa Madenge ule wa ufukoni nimeupewa na yule mvulana alipomaliza Darasa la Saba, nami nimeuweka ndani ya kitabu cha mahudhurio, ili niuone kila asubuhi kabla sijaita majina.